Kulala vizuri ndani ya kempa ya pikapu: mwongozo kamili wa hewa, kitanda na usafi

Asubuhi moja niliinua godoro la kempa yangu nikitafuta soksi iliyopotea, nikakuta ubao wa chini umelowa chapachapa. Upande wa miguuni palikuwa na vitone vyeusi, vidogo kama punje za ufuta, vimeanza kupanda kwenye kitambaa cha godoro. Paa halikuwa linavuja, na mvua ilikuwa haijanyesha siku kadhaa. Maji yale yote yalitoka kwetu sisi wawili tuliolala humo usiku nne mfululizo, tumefunga kila kitu kwa kuogopa baridi.

Tangu siku ile, mtu akiniuliza namna ya kuiweka kempa safi, simwanzishii na ufagio. Namwanzishia na unyevu. Unyevu ukidhibitiwa, harufu nzito inaondoka, ukungu hauoti, mashuka yanabaki makavu, hata baridi ya usiku inapungua makali. Ukiuacha, unaweza kufuta na kufagia mara kumi kwa siku na bado ukalala kama uliyelazwa kwenye taulo bichi.

Kempa ninayoizungumzia ni ile inayokaa nyuma ya pikapu, paa lake linashushwa ukiwa safarini na kuinuliwa ukishaegesha. Kati ya paa na sehemu ngumu ya chini kuna kuta laini, za turubai au kitambaa kilichopakwa plastiki. Kitanda kiko mbele, juu ya kichwa cha gari. Kwa hiyo una chumba chenye hewa kidogo, kuta nyembamba zinazopoa haraka, na godoro lililolala juu ya ubao unaopigwa na baridi kutoka chini. Shida karibu zote za humo zinatokana na hayo matatu.

Kwanza, jua maji yanatoka wapi

Mtu aliyelala hutoa maji kwa pumzi na jasho usiku kucha. Maji hayo husafiri hewani mpaka yakutane na kitu cha baridi: fremu ya dirisha, ukuta wa turubai, ubao wa chini ya godoro. Hapo yanageuka matone, vile vile kama umande unavyotua kwenye majani.

Chanzo cha pili ni jiko, na hiki wengi hawakijui. Gesi inapoungua hutengeneza maji. Kilo 1 ya propani ikiungua hutoa takriban kilo 1.6 za maji kwa njia ya mvuke, kabla hujahesabu mvuke wa sufuria yenyewe. Ukichemsha maji ndani jioni na madirisha yamefungwa, mvuke huo unalala na wewe.

Cha tatu ni nguo na viatu vilivyolowa. Visiingie chumba cha kulala kabisa. Vitundike nje chini ya turubai, au viweke kwenye kichwa cha gari na dirisha umeliachia upenyo.

Nunua kipima unyevu kidogo, kile kinachoonyesha asilimia pamoja na joto, ukitundike karibu na kitanda. Mchana lenga chini ya asilimia 60. Usiku namba itapanda, hilo ni la kawaida. Kinachotakiwa ni ishuke tena kabla hujafunga paa.

Pili, acha hewa ipite, hata kukiwa na baridi

Hapa ndipo watu wanapobisha, kwa sababu kufungua dirisha usiku wa baridi kunaonekana ni kujitesa. Lakini hewa baridi ya nje hubeba maji kidogo sana. Ikishaingia ikapata joto la ndani, inakuwa kavu, inayabeba maji uliyoyatoa na kutoka nayo. Ukifunga kila kitu, kuta zinatoa jasho, na blanketi lililopata unyevu halikupi joto tena. Nimejaribu njia zote mbili, na nalala na joto zaidi pakiwa na upenyo.

Unahitaji matundu mawili, moja chini na moja juu. Fungua kidirisha cha paani upana wa vidole viwili au vitatu, kisha fungua dirisha moja la chini upande usiopigwa na upepo, ikiwezekana lililo mbali na kile cha paani. Hewa yenye joto inapanda na kutokea juu, ya nje inaingia chini kuchukua nafasi yake. Tundu moja peke yake halisaidii sana. Kama una feni ndogo ya betri, ielekeze kwenye kidirisha cha paani isukume hewa nje, kwa mwendo wa chini kabisa. Ukiilekeza usoni kwako utaamka koo limekauka.

Wakati wa kupika fungua wazi zaidi, na uendelee kuacha wazi kwa muda baada ya kuzima moto. Hali ya hewa ikiruhusu, pikia nje.

Usiwashe jiko la gesi wala la mkaa ili kupasha chumba joto. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na aliyelala haamshwi nayo. Funga kengele ya kuitambua karibu na unapolala, kwa kufuata maelekezo ya aliyeitengeneza, na ibonyeze kuijaribu kabla ya kila safari. Kengele ya gesi ya kupikia nayo inakaa chini karibu na sakafu, kwa kuwa gesi hiyo ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutuama chini. Ukihitaji hita, chagua inayotoa moshi wake nje kwa bomba. Inayounguza gesi waziwazi ndani ya chumba inakurudishia yale maji tuliyotoka kuyasema, juu ya hatari ya sumu.

Tatu, kitanda

Anza na chini ya godoro. Sponji ikikaa moja kwa moja juu ya plaiwudi, unyevu wa mwili unapita kwenye sponji, unagonga ubao wa baridi na kutuama. Dawa yake ni kuweka nafasi ya hewa katikati. Chaga za mbao zinafaa sana ikiwa kimo cha paa kinaruhusu. Sentimita 2 au 3 zinatosha. Kimo kikibana, tumia mkeka wa nyuzi za plastiki uliofumwa kwa kuacha matundu, mzito kiasi kwamba ukiulalia haubonyei ukawa bapa. Busati la kawaida halifai, linafyonza maji na kuoza kimyakimya.

Kabla hujanunua godoro nene zaidi, shusha paa kitandani kukiwa na matandiko yote, ukague kama komeo zinafunga bila kulazimishwa. Godoro linalosukuma paa linaharibu komeo na mpira wa kuzuia maji, na safari moja ya barabara mbovu inatosha kuonyesha hasara yake. Kama nafasi iliyobaki ni ndogo, boresha ubora wa sponji badala ya unene. Kuijaribu ni rahisi: lala ubavu kwa dakika kumi. Ukihisi nyonga inagusa ubao, sponji ni laini mno au imechoka. Ukihisi bega linasukumwa juu na shingo inauma, ni ngumu mno kwako. Tandika juu yake safu nyembamba laini ya sentimita 3 hadi 5.

Baridi inayotoka chini huwashangaza wengi. Wanaongeza mablanketi juu na bado mgongo unaganda, kwa sababu uzito wa mwili unabana chochote kilicho chini yake mpaka hakina hewa ya kuzuia baridi. Weka kihami kisichobonyea, mfano mkeka wa povu gumu wa kulalia kambini, kati ya godoro na shuka, siyo chini ya godoro ambako kitaziba ile nafasi ya hewa uliyoihangaikia.

Matandiko yasiguse kuta. Acha upana wa kiganja pande zote. Duveti likigusa turubai lenye jasho linanyonya maji usiku kucha, na asubuhi ncha yake ina uzito wa ajabu. Kama kitanda kinajaa ukuta hadi ukuta, weka ubao mwembamba au mto mrefu wa sponji upande huo uwe kizuizi. Wapo wanaotundika pazia la kihami ndani ya kuta laini. Linasaidia kweli kwenye baridi, ila nyuma yake maji hukusanyika bila kuonekana, hivyo lishushe kila asubuhi na ufute ukuta.

Kuhusu usafi wa matandiko, ninalotumia na kulipenda ni shuka la mfuko: shuka jepesi lililoshonwa ukaingia ndani yake. Jasho na mafuta ya mwili vinabaki kwenye hilo shuka, duveti halichafuki haraka, na shuka lenyewe hufuliwa na kukauka kwa saa chache. Foronya na shuka fua kila wiki ukiwa safarini. Ukifika kwenye mashine, tumia maji ya nyuzi 60 kwa vinavyostahimili, maana joto hilo linaua wadudu wadogo wa vumbi wanaowasumbua wenye pumu na mafua ya mzio. Godoro livalishe gamba lenye zipu linalovuliwa. Gamba la plastiki tupu liepuke. Linazuia madoa, lakini linakulaza ndani ya jasho lako.

Na asubuhi usitandike. Najua mkono unawasha kupanga kila kitu mara unapoamka, lakini geuza duveti na mashuka nyuma, inua upande mmoja wa godoro ukaliegemeze kwenye mto, fungua madirisha, kisha nenda kaoshe uso. Nusu saa ya hewa hiyo inazuia ukungu kuliko dawa yoyote iliyo dukani.

Nne, gari likae sawa

Kichwa kikiwa chini kuliko miguu, usiku hauishi. Weka pima maji ndogo sakafuni, mara moja kwa urefu wa gari na mara moja kwa upana wake, kabla hujainua paa. Mteremko mdogo wa kuelekea miguuni unavumilika. Wa kuelekea ubavuni haufai, maana utakuwa unabiringika juu ya mwenzako mpaka alfajiri. Panda vipande vya mbao au kabari za kusawazishia kwa gurudumu linalohitaji, vuta breki ya mkono, kisha weka vizuizi kwenye magurudumu.

Halafu tazama upepo. Kuta laini zikipigwa ubavuni zinapiga kelele kama tanga, na usingizi unakatika kila dakika. Elekeza pua ya gari kunakotoka upepo, au jikinge nyuma ya jengo au ukingo wa ardhi. Chini ya miti mikubwa pana kivuli, lakini pana matawi yanayoanguka pia, na utomvu na kinyesi cha ndege ni kazi kuviondoa kwenye turubai. Upepo ukizidi sana, shusha paa. Kama kempa yako hailaliki paa likiwa chini, hamia kwenye kichwa cha gari usiku huo.

Tano, vumbi

Gari likikimbia, hewa iliyo nyuma yake inakuwa na mgandamizo mdogo, ndiyo maana vumbi linajikunja na kuufuata mlango wa nyuma. Nyufa zote zilizo upande huo zinalivuta ndani. Kwa hiyo kazi ya vumbi huanzia kwenye mipira ya mlango. Chukua ukanda wa karatasi, ufungie mlangoni, kisha uvute. Ukichomoka bila kukwama, mpira wa pale umechoka. Zunguka mlango wote hivyo, kila kiganja kimoja, na uweke alama kwa chaki. Rudia kwenye vifuniko vya nje vya gesi, maji na betri. Usiku unaweza kumweka mtu ndani na tochi huku wewe uko nje. Mwanga utakaouona unatoka mahali vumbi linapoingilia.

Viatu vinavuliwa mlangoni, bila ubishi. Weka mkeka mmoja nje wa kukung'utia na beseni bapa ndani ya mlango la kuwekea viatu. Fagia kila siku kuanzia juu kwenda chini: kitanda, meza, viti, sakafu, mlango. Brashi ndogo na kizoleo vinatosha, mashine ya betri ya kufyonza vumbi ikiwepo ni bora zaidi kwa mshono wa godoro na reli za madirisha. Kabla ya kushusha paa, pitisha brashi kwenye sehemu turubai linapokunjika. Mchanga unaonaswa kwenye mkunjo husaga kitambaa kila gari linaporuka, na tundu la kwanza daima hutokea hapo.

Sita, kuta laini

Osha kwa maji ya uvuguvugu, sabuni laini na brashi ya nywele laini. Anzia chini kupanda juu ili michirizi ya maji machafu isiache alama, kisha suuza kuanzia juu. Usitumie petroli, asetoni wala tina. Vinalainisha tabaka la plastiki na baadaye linakuwa la kunata au linapasuka. Mashine ya maji ya mgandamizo nayo iache, inatoboa mishono.

Ukiona ukungu, vaa glavu na barakoa, fungua kila dirisha, na usiupige brashi ukiwa mkavu kwa sababu utatawanya mbegu zake chumba kizima. Pulizia siki nyeupe isiyochanganywa na maji, iache saa nzima, sugua taratibu, suuza, kausha. Doa linaweza kubaki hata ukungu ukishakufa, na hilo lisikutie tamaa ya kumwaga klorini, maana klorini inaozesha nyuzi za mishono. Zaidi ya yote, klorini na siki zisikutane hata kwa bahati mbaya, wala klorini na kitu chenye amonia. Michanganyiko hiyo hutoa gesi ya sumu, na katika chumba kidogo namna hii huna pa kukimbilia.

Madirisha ya plastiki angavu futa kwa kitambaa laini chenye maji mengi kwanza kuondoa mchanga, ndipo utumie sabuni. Usiyakunje yakiwa baridi sana, yanakakamaa na kupasuka. Zipu inayokwama ipitishie mshumaa, juu na chini mara kadhaa, kisha ifungue na kuifunga hadi itiririke.

Maji, friji na choo

Tangi la maji safi lisafishe mwanzoni mwa msimu kwa klorini ya kufulia isiyo na manukato, yenye nguvu ya asilimia 5 hadi 6: mililita 1 kwa kila lita 1 ya ujazo wa tangi. Ichanganye na maji kwanza, jaza tangi, fungua kila bomba mpaka usikie harufu yake, acha saa 12, mwaga, suuza mpaka harufu iishe. Friji ifutwe kwa maji yenye bikaboneti ya soda. Choo cha kubebeka mwaga kila siku au kila baada ya siku mbili na usikiweke karibu na mto wako.

Kufunga na kuhifadhi

Kabla ya kushusha paa acha mlango wazi ili hewa ipate pa kutokea. Shusha taratibu, simamisha paa likifika nusu, zunguka ukivuta turubai liingie ndani pande zote. Likibanwa kati ya paa na ukuta mgumu, maji ya mvua yatalifuata hilo kama utambi mpaka kitandani.

Kuna siku utalazimika kufunga likiwa limelowa, mvua haingoji. Kabla ya kushusha, futa maji kwa taulo, tandaza kitu kisichopitisha maji juu ya godoro, na uandike mahali utakapopaona kwamba kempa imefungwa mbichi. Kitambaa kilicholowa kinapaswa kukauka ndani ya saa 24 hadi 48, ukungu haujapata nafasi. Mimi sisubiri 48. Nikifika, hata usiku wa manane, nainua paa kwanza ndipo nateremsha mizigo.

Ukiihifadhi kwa wiki kadhaa, toa matandiko yote, simamisha godoro kwa ubavu, acha mlango wa friji na wa kila kabati wazi kidogo, na usibakishe chembe ya chakula, maana panya hupita tundu ambalo kidole gumba chako hakipiti. Chumvi za kufyonza unyevu weka wakati huu wa kuhifadhi tu, ndani ya beseni. Gari likiwa njiani maji yake humwagika na kuharibu mbao, na madirisha yakiwa wazi zinafyonza unyevu wa dunia nzima.

Halafu siku ya kulifunga paa kwa ajili ya kuhifadhi, pitisha mgongo wa mkono kwenye mikunjo ya pembe nne za turubai. Hizo ndizo za mwisho kukauka. Katikati ya ukuta panaweza kuwa pakavu kabisa na pembe bado zina maji yasiyoonekana. Mgongo wa mkono ukihisi ubaridi kidogo tu kuliko kwingine, acha paa juu mpaka kesho.